Tuandike Walivyokufa Kweli

Katika ofisi ya parokia ninakofanya kazi yapo madaftari manne makubwa yenye majalada magumu: la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la vifo. Nimeyatunza kwa miaka 22. La ubatizo limechakaa kwa kushikwashikwa, maana kila anayetaka kufunga ndoa au kumpeleka kijana seminari huja kuomba cheti, nasi hufungua na kutafuta. La ndoa vilevile. La vifo ndilo safi kuliko yote, na usafi wake unaniuma. Hakuna anayekuja kuliulizia. Kurasa nyingi zina jina na mwaka, na safu ya maelezo imebaki nyeupe kutoka juu hadi chini.

Uzito wa jambo hili niliuona tulipojiandaa kwa jubilei ya miaka 75 ya parokia. Kamati ilitaka kijitabu cha historia, na ndani yake ukurasa mmoja wa katekista wa kwanza, yule ambaye wazee humwita Mwalimu tu, kana kwamba hapajawahi kuwapo mwalimu mwingine. Alivizungukia vigango saba kwa miguu miaka ambayo padri alifika mara mbili kwa mwaka. Mwenyekiti akaniambia, “Dada, hebu tutazamie alifariki lini, na alifarikije.” Nikafungua daftari. Jina lake lipo, kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri. Mbele yake pameandikwa 1961. Basi.

Tukawauliza wazee. Wa kwanza alisema Mwalimu aliumwa na nyoka njiani akienda kusalisha kigangoni. Wa pili alisema alianguka akipiga kengele ya Malaika wa Bwana, mkono ungali umeshika kamba. Wa tatu alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mama wa miaka sitini na ushei. Huyu alisema babu yake alikufa kwa ugonjwa wa kuhara, juu ya mkeka, mlango wa uani ukiwa wazi kwa sababu alitaka hewa. Aliomba uji, na uji haukumuwahi. Kamati iliwasikiliza wote kwa heshima, kisha ikachagua kengele. Kijitabu kikachapwa nakala 500, na humo Mwalimu anakufa akiwa ameshika kamba.

Siku ile nilinyamaza. Leo naandika kwa sababu naamini tulikosea, na kwa sababu Wakristo wa kwanza walishakutana na jambo hilihili, wengine wakalifanya vizuri mno na wengine wakaachiwa pengo ambalo hadi leo halijazibika.

Twende Smirna, mji ambao sasa unaitwa Izmir, nchini Uturuki. Askofu wao Polikarpo aliuawa huko, na wanahistoria wengi huweka kifo chake kwenye mwaka 155 au 156. Alikuwa mzee sana. Mbele ya liwali alitaja miaka 86 ya kumtumikia Kristo. Waumini wake hawakungoja jubilei. Waliandika barua kwa kanisa la Filomelio, mji wa bara, wakaeleza yaliyotokea hatua kwa hatua, na barua hiyo tunayo.

Wanaeleza kwamba alikuwa amefichwa shambani, na kwamba kijana mtumwa, baada ya kuteswa, ndiye aliyesema alipo. Askari walipofika jioni, mzee alishuka kutoka chumba cha juu, akaagiza waandaliwe chakula na kinywaji kadiri watakavyo, naye akaomba saa moja ya kusali. Akasali mbili. Wakampandisha punda. Njiani mkuu wa askari, Herode, akampakia kwenye gari lake la farasi akiwa na baba yake, Nikete, wakaanza kumbembeleza amkiri Kaisari aokoe maisha yake. Alipokataa walimteremsha kwa pupa, akachubuka muundi. Hakugeuka nyuma, aliendelea kutembea upesi kama mtu ambaye hajaumia. Na uwanjani, kuni zikiwa tayari, alifungua mshipi, akainama kuvua viatu, ikawa shida. Hakuzoea kujivulia. Miaka yote waumini walikuwa wakigombea nani amvulie.

Naomba tukae kidogo na huo muundi uliochubuka. Hauna faida yoyote kwa mhubiri. Hauthibitishi fundisho lolote wala haumfanyi mzee kuwa shujaa zaidi. Uliandikwa kwa sababu watu walikuwapo wakaona, au walisikia kwa aliyeona, na walimpenda mtu huyu kiasi cha kutotaka hata mchubuko wake upotee. Na viatu vile! Anayeandika habari ya viatu anamjua mtu, anaijua miguu yake, huenda aliwahi kuinama mwenyewe kumvulia.

Barua hiyohiyo ina mambo ya ajabu pia. Inasema moto ulifura kama tanga la jahazi lililojaa upepo ukauzunguka mwili wake, na harufu iliyotoka ilikuwa kama ya mkate unaookwa. Baadhi ya nakala zinaongeza kwamba alipochomwa kwa jambia alitokwa na njiwa. Eusebio wa Kaisaria, aliyeinakili sehemu kubwa ya barua hiyo katika historia yake ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya 4, anao muundi lakini hana njiwa. Kwangu hilo linatosha kuonyesha kipi huenda kilitoka Smirna na kipi kiliongezwa njiani.

Tena hawakuficha aibu yao. Wanamtaja Kwinto, mtu kutoka Frigia, aliyejipeleka mwenyewe na kuwashawishi wengine wajipeleke, kisha alipowaona wanyama akaogopa na kutoa sadaka kwa miungu. Wakasema wazi kwamba hawamsifu mtu anayejitafutia kifo. Nawaza ni kamati gani ya jubilei leo ingekubali Kwinto aingie kwenye kijitabu.

Baada ya hapo walikusanya mifupa ya askofu wao, ambayo kwao ilikuwa na thamani kuliko vito na dhahabu, wakaiweka mahali panapofaa, wakaazimia kukutana hapo kila mwaka kuadhimisha siku hiyo kama siku ya kuzaliwa kwake. Tarehe wakaiandika, na kalenda ya Kanisa bado inaishika: 23 Februari. Walilitimiza azimio hilo? Yapo masimulizi mengine kutoka mji huohuo, ya padri aliyeitwa Pionio, aliyekamatwa mwaka 250. Alikamatwa siku ya kumbukumbu ya Polikarpo, akiwa na wenzake waliokuwa wakiiadhimisha. Karibu miaka 100 ilikuwa imepita, waliomwona mzee kwa macho wote wamezikwa, na siku bado inashikwa, katika mwaka ambao kuishika kulihatarisha maisha.

Kitu kingine kinanigusa kama karani. Mwishoni mwa barua ya Smirna kuna maelezo ya wanakili. Mmoja anasema aliitoa kwenye maandishi ya Ireneo, mwanafunzi wa Polikarpo. Mwingine anasema aliinakili Korintho. Wa mwisho anasema alikuta nakala imechakaa karibu kuisha kwa ukuukuu, akaikusanya na kuiandika upya. Watu hawa ni ndugu zangu kikazi. Najua karatasi inavyooza kwenye kabati lenye mchwa, na najua kinachompata mtu asipoandikwa upya kwa wakati.

Roma ni habari nyingine. Kanisa la Roma lina Petro na Paulo, na hakuna kanisa lenye waasisi wakubwa kuliko hao. Lakini walikufaje? Luka anamwacha Paulo katika nyumba ya kupanga, akipokea wageni kwa miaka miwili, na kitabu kinaisha hapohapo. Injili ya Yohane inadokeza tu kwamba Petro atanyosha mikono na kupelekwa asikotaka. Karibu na mwaka 96 barua ya Klementi, kutoka Roma kwenda Korintho, inawataja wote wawili kama watu walioteseka kwa sababu ya wivu wakatoa ushuhuda wao. Haitaji mahali, siku wala namna. Mji wenyewe unaandika, miaka 30 hivi baada ya mateso ya Nero ya mwaka 64, na hausemi!

Walichokishika ni mahali. Karibu na mwaka 200, padri mmoja wa Roma aitwaye Gayo alijibizana na mpinzani wake akamwambia kwamba yeye anaweza kumwonyesha kumbukumbu za mitume hao, moja Vatikani, nyingine kwenye njia ya Ostia. Kati ya mwaka 1940 na 1949 wachimbaji walichimba chini ya altare kuu ya Basilika ya Mtakatifu Petro, wakakuta kijumba kidogo cha ukumbusho kilichojengwa ukutani katikati ya makaburi, cha miaka ya 160 hivi. Gayo hakuwa akijisifu bure. Ila siku ya kufa waliipoteza. Sikukuu ya 29 Juni imo katika orodha ya sikukuu za mashahidi iliyo kwenye kalenda ya mwaka 354, na orodha hiyo inaifungamanisha na mwaka 258, karibu karne mbili baada ya Nero.

Panapokosekana habari, hadithi huhamia. Mwishoni mwa karne ya 2 zilienea simulizi ambamo Petro anasulubiwa kichwa chini na, katika hali hiyo, anatoa hotuba ndefu. Na Paulo anapokatwa kichwa, maziwa yanaruka na kuirukia nguo ya askari. Siwadharau waliozisimulia. Walikuwa na njaa ya kujua, na hakuna aliyekuwa amewawekea akiba. Lakini nikisoma hotuba ile ya Petro, nikarudi kwa mzee wa Smirna anayehangaika na viatu, najua ni nani kati ya hao wawili niliyeketi naye.

Hadithi inayojaza pengo inaweza pia kuwa na sumu. Yakobo, ndugu wa Bwana, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, aliuawa mwaka 62. Tunaye shahidi wa kizazi kilekile ambaye si Mkristo: Yosefo, mwanahistoria Myahudi. Anasema kuhani mkuu Anano, liwali mmoja akiwa amekufa na mwingine bado yuko njiani, alitumia mwanya huo kumshtaki Yakobo na wengine, wakapigwa mawe. Na anaongeza jambo ambalo ningependa kila mkatoliki alijue: Wayahudi wa mji ule waliokuwa makini katika sheria walichukizwa, wakalalamika hadi kwa mfalme na kwa liwali mpya, na Anano akavuliwa ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu. Miaka 100 hivi baadaye Hegesipo, mwandishi Mkristo, anasimulia kifo hichohicho: Yakobo mwenye magoti magumu kama ya ngamia kwa kusali, anasukumwa kutoka juu ya hekalu, anapigwa mawe, kisha dobi anammaliza kwa rungu la kufulia. Ni simulizi yenye nguvu. Ila wale Wayahudi waliolalamika hawamo. Wamefutika, na kilichobaki ni lawama kwa taifa zima. Hata barua ya Smirna ninayoipenda ina doa hilo: inasema Wayahudi walikuwa mbele katika kukusanya kuni, na papo hapo inasema ilikuwa siku ya Sabato kuu. Msomaji anayejua Sabato ni nini ataiona kasoro. Karne nyingi za ukatili zilijengwa juu ya kumbukumbu za aina hii. Kwa hiyo ninaposema tuandike walivyokufa kweli, sitetei unadhifu wa daftari peke yake.

Sasa Karthago, iliyokuwa katika Tunisia ya leo, kwenye bara letu. Askofu Sipriani ndiye mlinzi wa kazi yangu, ingawa hakuna aliyemtangaza hivyo. Mwaka 250, akiwa mafichoni wakati wa mateso, aliwaandikia mapadri na mashemasi wake kuhusu waumini waliokuwa wakifia gerezani. Wengi wao hawakufa kwa upanga. Walikufa kwa njaa, kwa joto, kwa maradhi ya jela. Sipriani aliagiza siku ya kila mmoja iandikwe, ili wakumbukwe pamoja na mashahidi wengine, na akamshukuru ndugu aitwaye Tertulo ambaye tayari alikuwa akimpelekea tarehe hizo. Akasisitiza kwamba asiyeteswa lakini akafa akiwa mwaminifu heshima yake haipungui. Nilipoisoma barua hiyo mara ya kwanza nilimfikiria Mwalimu juu ya mkeka wake. Kumbe askofu wa Karthago angemkubali na kuhara kwake, bila nyoka wala kengele.

Miaka minane baadaye ikawa zamu ya Sipriani, na watu wake walikuwa wamefundishwa kuandika. Tunajua siku, 14 Septemba 258. Tunajua waumini walitandaza vitambaa na leso mbele yake. Aliagiza mtu wa kumkata kichwa apewe sarafu 25 za dhahabu. Hakuweza kujifunga kitambaa mwenyewe, wakamsaidia padri na shemasi mdogo, wote wawili wakiitwa Juliani. Usiku wakamchukua kwa mishumaa na mienge wakamzika kwenye kiwanja cha Macrobius Candidianus, njia ya Mapala, karibu na mabwawa ya samaki. Tazama jinsi walivyoelekeza: jina la mwenye kiwanja, njia, mabwawa. Unaweza kumtuma mtoto akafika.

Nimesema habari za kuandika, lakini wale watu walikumbuka kwa tumbo pia. Chini ya kanisa la Mtakatifu Sebastiani, kwenye njia ya Apia nje ya Roma, wachimbaji wa mwaka 1915 walifikia ukumbi wenye mabenchi ambao kuta zake zimejaa maneno yaliyokwaruzwa na wageni wa karne ya 3. Mmoja, Tomius Coelius, aliandika kwamba amefanya karamu ya kumbukumbu ya Petro na Paulo. Watu walikuja na chakula, wakaketi, wakala pamoja na mitume wao. Agostino anasimulia kwamba mama yake, Monika, alipohamia Milano alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi na uji, mkate na divai kama ilivyokuwa desturi ya kwao Afrika. Bawabu akamzuia, askofu Ambrosi alikuwa amepiga marufuku kwa sababu ya ulevi na kwa kuwa ilifanana mno na matambiko ya wapagani. Monika akatii, akarudi na kikapu chake.

Na Agostino mwenyewe, mwaka 395, akiwa padri wa Hipo, alipambana na waumini wake kwa sababu ya sikukuu ya Leonsio, askofu wa zamani wa mji huo, ambayo ilikuwa imegeuka kuwa siku ya kulewa kanisani. Alihubiri hadi watu wakalia. Mchana wakabaki wakisoma na kuimba zaburi, huku kelele za karamu zikisikika kutoka kanisa la wapinzani wao jirani. Namwelewa. Nimehudhuria arobaini ambazo marehemu hakutajwa tangu muziki ulipoanza. Lakini moyo wangu uko na Monika na uji wake, na sioni kwa nini tuuache uji kwa sababu ya pombe.

Hata kwetu Afrika Mashariki tunao mfano. Umati unaokwenda Namugongo kila 3 Juni unajua habari za Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa mwaka 1886 kwa sababu vijana watatu waliachiwa dakika za mwisho, na mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi akasimulia aliyoyaona. Aliulizwa, akajibu, ikaandikwa. Parokia ngapi zina Kamyuka wao amekaa barazani sasa hivi, na hakuna aliyemfuata na kalamu?

Mimi nilikwenda. Wiki mbili baada ya jubilei nilipanda hadi kwa yule mjukuu wa Mwalimu, nikakaa naye jikoni. “Mwanangu,” aliniambia, “nilidhani hamkuitaka ile ya mkeka.” Nilimuuliza siku. Hakuijua tarehe, lakini alikumbuka kwamba kesho yake watu walikwenda kupakwa majivu na yeye, mtoto wa miaka 12, alikatazwa kwenda kwa sababu ya msiba. Niliporudi ofisini nilitafuta kalenda: mwaka 1961 Jumatano ya Majivu iliangukia 15 Februari. Nikajaza daftari, Jumanne, 14 Februari. Na kwenye safu ya maelezo, kwa ruhusa ya Baba Paroko, nikaandika kwa herufi ndogo ili yaenee: kuhara, siku tatu, juu ya mkeka, kichwa upande wa mlango wa uani, aliomba uji wa mtama, binti yake mkubwa alikuwa bado anakoka moto, ameeleza mjukuu wake aliyekuwapo.

Tangu hapo kila 14 Februari tunakwenda kaburini, chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Si wengi, huwa tisa au kumi. Mjukuu huja na chupa ya uji wa mtama na vikombe vya plastiki. Mwaka jana alileta watoto wa jirani, akawaonyesha kwa mkono mkeka ulivyolazwa, kisha akajisahihisha: mlango ulikuwa upande wa kushoto.